Wakiunganisha timu, tiketi yako itakuwa wapi?

Katika kikao cha mwisho cha kamati ya afya tuliambiwa kwamba timu tatu za meza ya msaada zitaunganishwa kuwa moja: ile ya rufaa za hospitali, ile ya watu wenye ulemavu na magonjwa ya muda mrefu, na ile ya ushauri nasaha. Wachache walipiga makofi, mzee mmoja akauliza habari za dawa za presha, kisha kikao kikahamia kwenye mambo ya maji. Mimi nilibaki na swali ambalo sikupata nafasi ya kuliuliza. Naliuliza hapa, kwa kuwa linakuhusu wewe kama linavyonihusu mimi: zile tiketi ambazo bado hazijajibiwa zitakwenda wapi?

Tafadhali usiseme hilo ni jambo la watu wa kompyuta. Nimekaa kwenye meza kama ile miaka kadhaa nikiwa mkalimani wa kujitolea, na niliyoyaona huko ndiyo yananifanya niandike.

Kwanza tuelewane tiketi ni nini. Unapofika mezani na shida yako, mhudumu anaandika kwenye kompyuta jina lako, namba ya kadi ya familia, kijiji chako na shida yenyewe. Programu inatoa namba, naye anakuandikia namba hiyo kwenye kikaratasi. Wengi wetu tunadhani tiketi ni kile kikaratasi. Hapana. Tiketi ni ile habari iliyobaki ndani ya kompyuta, na juu yake kuna alama tatu zinazoamua kama utasaidiwa au utasahauliwa. Ya kwanza inasema ni timu gani inayoshughulika. Ya pili inasema ni mhudumu gani katika timu hiyo. Ya tatu inasema hali yake: iko wazi, inasubiri jibu kutoka mahali pengine, au imefungwa.

Sasa shika jambo hili vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Mhudumu anapofungua kompyuta asubuhi haoni tiketi zote za kambi. Anaona orodha ya timu yake tu. Programu imeagizwa hivi: mwonyeshe huyu kila tiketi yenye alama ya timu ya rufaa ambayo haijafungwa. Kwa hiyo timu si sanduku lenye tiketi ndani yake, ni alama iliyobandikwa juu ya kila tiketi. Ukiiondoa timu kwenye programu bila kubandika alama mpya, tiketi zake zinaweza kubaki ndani ya kompyuta bila kuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Kuna programu ambazo huziacha bila timu kabisa, na kuna nyingine ambazo huzimwaga zote kwenye timu ya jumla, zikachanganyika na maombi ya vyandarua na malalamiko ya foleni. Kwa mgonjwa anayesubiri nyumbani, matokeo ni yaleyale.

Katika kambi niliyoishi kabla ya kuja hapa, shirika moja ambalo sitalitaja liliunganisha timu zake kwa namna hiyo. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na mradi mmoja ulikuwa umekwisha. Ijumaa timu ya watoto wenye ulemavu ilikuwepo kwenye programu, Jumatatu haikuwepo. Wahudumu wake wawili walihamishiwa timu ya huduma za jamii, na kila mtu akaona kazi imekwisha. Tena tulifurahi, kwa sababu orodha ya timu mpya ilikuwa fupi. Tulidhani tumekuwa hodari.

Baada ya wiki saba alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni. Mtoto alizaliwa na nyayo zote mbili zimegeukia ndani. Hali hii inatibika: mguu unanyooshwa kidogo kidogo kwa mkono na kufungwa plasta ngumu, plasta inabadilishwa kila wiki, mara tano hadi saba hivi kwa kawaida, kisha mtoto anavalishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, ambavyo baadaye atavivaa usiku tu mpaka afike kama miaka minne. Lakini inafaa kuanza katika wiki za kwanza za maisha, wakati viungo bado ni laini. Mama huyu alikuwa amemwandikisha mtoto wake akiwa na siku 12 tu, siku chache kabla ya timu kuunganishwa. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa. Alirudi mezani mara mbili katikati, na mara zote mbili akajibiwa, "Mama, subiri, utapigiwa simu." Waliomjibu hawakuwa waongo. Waliangalia orodha yao, hawakumwona, wakadhani yuko kwa wenzao.

Siku ile alikuja na kikaratasi, amekifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na pesa zake. Tuliandika namba kwenye nafasi ya kutafuta, na tiketi ikatokea: iko wazi, timu hakuna, mhudumu hakuna. Msimamizi akaomba programu imwonyeshe tiketi zote zisizo na timu. Zilikuwa 31. Kulikuwa na maombi ya viti vya magurudumu, kulikuwa na kijana wa kifafa aliyetakiwa kubadilishiwa dawa, na familia mbili kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kurudi Kongo bila kusaidiwa. Mtoto wa yule mama alipelekwa hospitali wiki hiyohiyo, na nyayo zake zilinyooka. Nyayo za mtoto zinavumilia kucheleweshwa miezi miwili. Kuna magonjwa mengine yasiyovumilia hata wiki moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale daftari lilikuwepo, tena la kompyuta. Ila hakuna aliyekuwa akiufungua ukurasa ule.

Simlaumu mtu kwa kuunganisha timu. Mwaka 2025 fedha za misaada zilishuka sana duniani. Mwezi Juni mwaka huo UNHCR ilitangaza kuondoa nafasi za kazi 3,500 hivi, na mwaka huohuo hapa Uganda WFP ilikata msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja. Wewe na mimi tuliyaona hayo kwenye sufuria zetu. Shirika lililobaki na wahudumu wachache haliwezi kuwa na timu tatu za mtu mmoja mmoja, kwa sababu mmoja akishikwa na malaria timu nzima imelala. Na kuwa na mlango mmoja ni jambo jema kwetu. Mwaka 2018 mashirika hapa Uganda yalianzisha mfumo wa pamoja wa kupokea maoni na malalamiko, wenye simu ya bure, na wazo lake lilikuwa hilohilo, kwamba mwenye shida asizungushwe kutoka meza hadi meza. Ninachodai ni kazi ifanywe kwa utaratibu, na mimi na wewe tuujue utaratibu wenyewe ili tuweze kuuliza.

Kabla ya kugusa kitu chochote, wahesabu. Tiketi ngapi ziko wazi katika kila timu, ngapi zinasubiri. Idadi iandikwe kwenye karatasi na mtu aweke sahihi. Kisha timu mpya itengenezwe huku zile za zamani zikiwa bado zipo, wahudumu waingizwe, na waifungulie tiketi moja ya majaribio waone kama inatokea kwenye orodha zao. Ndipo tiketi zihamishwe, za wazi pamoja na zinazosubiri. Hizi zinazosubiri ndizo husahaulika zaidi. Chukua mfano wa mgonjwa wa macho. Kituo chetu kimeandika kwa hospitali ya rufaa kuomba tarehe ya upasuaji, tiketi imewekwa "inasubiri", na kwenye orodha ya kila siku haionekani. Jibu la hospitali linakuja baada ya mwezi na nusu. Likiikuta tiketi iko chini ya timu iliyokufa, hakuna atakayelisoma, na ile siku ya upasuaji itapita kitanda kikiwa kitupu.

Baada ya kuhamisha, wahesabu tena. Kama timu tatu zilikuwa na tiketi 140 kwa pamoja, na timu mpya inaonyesha 131, basi tisa ziko mahali fulani na kazi haijaisha. Hesabu hii inachukua dakika chache. Kule nilikokuwa haikufanyika.

Kuna na njia za kuingilia. Mtu anapopiga simu, mpokeaji anachagua aina ya shida, na programu yenyewe inaipeleka tiketi kwa timu iliyopangiwa aina hiyo. Maagizo hayo hayabadiliki yenyewe eti kwa kuwa timu zimebadilika. Mtu lazima ayapitie moja moja, la sivyo wagonjwa wa kesho wataendelea kutumwa kwa timu ya jana. Vilevile maonyo ya kuchelewa: kama programu ilipangwa kumpigia kelele msimamizi wa rufaa tiketi ikipita siku saba, na sasa msimamizi huyo hayupo, ile kelele inapigwa kwenye nyumba isiyo na mtu.

Halafu kuna tiketi zenye jina la mhudumu aliyemaliza mkataba. Mwaka ule wa 2025 wengi waliondoka kwa ghafla, wengine bila hata kupata siku ya kukabidhi kazi. Akaunti yake ikifungwa, tiketi zinaweza kubaki na jina lake. Wenzake wakiziona wanasema, hizi zina mwenyewe, wanaziruka. Kwangu mimi hiyo ni mbaya kuliko tiketi isiyo na jina, kwa sababu isiyo na jina angalau inaweza kumshtua mtu. Kabla mhudumu hajaondoka, tiketi zake zote ziandikiwe mtu mwingine aliye hai kazini, siyo ziachwe "kwa timu".

Na ile timu ya zamani isifutwe. Programu nyingi zina namna ya kuizima timu isipokee tiketi mpya, huku historia yake ikibaki. Tiketi zilizofungwa ziachwe na jina la timu iliyozifunga. Najua wapo wanaopenda kila kitu kiwe na jina jipya ili ripoti ipendeze. Mimi nasema mama akirudi mwaka ujao na mtoto yuleyule, ni lazima ijulikane nani alimhudumia na alimwambia nini.

Jambo dogo la ujumbe wa simu, lakini lilitutesa. Siku tuliyozihamisha zile tiketi 31, kila moja ilipobadilishwa programu ilituma ujumbe kwa mwenyewe: tiketi yako ina mabadiliko. Mabadiliko yenyewe yalikuwa jina la timu tu. Kesho yake alfajiri watu walikuwa mlangoni. Mzee mmoja alitoka kijiji cha mwisho kabisa kwa bodaboda ya kukopa, akidhani amepata kiti cha magurudumu cha mkewe. Nilimtafsiria maelezo ya msimamizi huku natazama chini. Programu hizi zinaweza kunyamazishwa wakati wa kuhamisha tiketi nyingi, kisha ujumbe mmoja wenye maana ukatumwa: ombi lako bado lipo, sasa linashughulikiwa na timu fulani, huna haja ya kuja.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naomba shirika letu lifikiri upya. Timu ya ushauri nasaha isiunganishwe na nyingine. Unajua ni nani wanaokwenda kule: waliobakwa njiani au humuhumu kambini, wanaopigwa na waume zao, walioambiwa wana virusi vya UKIMWI na bado hawajajua watamwambiaje mwenzi, wanaosikia sauti usiku. Ukiunganisha timu, umeunganisha orodha, na ukiunganisha orodha umeongeza macho. Na hapa kambini macho hayo si ya wageni. Wengi wanaokaa mezani ni wakazi wenzetu, ni majirani, tunachota maji bomba moja, tunasali pamoja.

Hayo nayasema nikiwa najua. Katika muungano ule wa zamani, mimi mkalimani wa wagonjwa wa macho na meno nilikuta asubuhi moja kwenye orodha yangu tiketi ya binti wa safu yangu mwenyewe. Kichwa cha habari peke yake kilitosha. Sikuifungua, nikaenda kumwita msimamizi, naye akaiondoa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma kile kichwa, na jambo ulilolisoma huwezi kulirudisha. Binti yule hakuwahi kuniruhusu kulijua. Mpaka nilipohama nilikuwa nikipita mbele ya nyumba yao najifanya nina haraka.

Watasema wahudumu wote wametia sahihi ahadi ya kutunza siri. Ni kweli, nami nilitia. Sahihi hainifumbi macho. Tiketi za namna hiyo zikae na timu yao ndogo, hata kama ni ya watu wawili, na programu ipangwe ili wengine wasione hata kichwa chake. Kama uhaba wa watu unalazimisha mhudumu mmoja afanye kazi za timu mbili, basi yeye mmoja apewe ruhusa ya pande zote, siyo timu nzima ifunguliwe mlango.

Na kuna tabia moja ambayo naichukia wazi. Siku ya kuunganisha timu, msimamizi anakuta tiketi za mwaka mzima zimelundikana. Anajua wakubwa watatazama ripoti. Anachagua zote zilizopita miezi sita, anabonyeza mara moja, zote zinakuwa "zimefungwa". Sababu inaandikwa: mwombaji hakurudi. Kumbe mwombaji aliambiwa akae nyumbani asubiri simu! Nakubali ziko tiketi zinazostahili kufungwa, watu wamehama, wamepona, wamefariki. Lakini ifungwe baada ya mtu kupiga simu, au kumtuma mhudumu wa afya wa kijiji, hawa tunaowaita VHT, akaulize nyumbani. Wao wanajua ni nani yupo na ni nani ameondoka kuliko kompyuta yoyote. Tiketi 50 kwa vijiji 10 ni nyumba tano kwa kila kijiji.

Wewe nawe una kazi. Tunza kikaratasi chako kama unavyotunza kadi ya chakula; kiweke kwenye mfuko wa plastiki, na namba iandike pia ukutani au kwenye simu ya mtoto. Ukiwa na tiketi isiyojibiwa, usiende kufungua nyingine mpya, kwa sababu mbili za mtu mmoja huwachanganya wahudumu, na huenda wakafunga ile ya zamani yenye tarehe yako ya kwanza. Nenda na namba, uwaombe waitafute kwa namba, siyo kwa kutazama orodha. Kisha uliza maswali mawili: sasa iko kwa timu gani, na iko kwa mhudumu gani? Ukijibiwa "iko kwenye mfumo", uliza tena kwa heshima. Kama nafasi ya timu au ya mhudumu ni tupu, mwombe aijaze ukiwa umesimama pale. Hakuna atakayekuona mkorofi. Mimi nilipokuwa mezani, waliouliza hivyo walitusaidia kazi.

Wazee wasioona vizuri na wasiojua kusoma wasaidiwe na wajukuu zao. Wenyeviti wa vijiji, tafadhalini, siku ya kugawa sabuni waulizeni watu nani ana tiketi inayosubiri, mzipeleke namba zile zote kwa pamoja.

Tumeambiwa timu mpya itaanza tarehe mosi ya mwezi ujao, na kabla ya siku hiyo kamati ya afya itakaa mara moja zaidi. Mimi nitakwenda kuuliza idadi ya tiketi zilizo wazi leo katika kila timu, niiandike, niirudie tena wiki ya pili ya mwezi. Njoo na kikaratasi chako. Kama namba imefutika kwa mvua, njoo hivyohivyo na namba ya kadi ya familia na tarehe uliyoandikishwa, maana vitu hivyo navyo vinaweza kutumika kuitafuta tiketi yako.